Kuelea Kwanza: Mwongozo kwa Mtu Mzima Anayeogopa Maji

Maswali yanayonifikia ni yaleyale. Nina miaka 45, si nimeshachelewa? Mwili wangu mkubwa, maji yatanibeba kweli? Nilitumbukia kisimani nikiwa mdogo, na mpaka leo nikiona maji ya kina, magoti yangu hulegea. Mtu kama mimi hufundishika? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu ufukweni, nimeyajibu kwenye foleni ya kivuko. Leo nayajibu kwa maandishi, hatua kwa hatua.

Mimi nilikulia Dodoma, na maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona utotoni yalikuwa ya pipa. Nilipohamia Tanga nilikuwa na miaka 29. Mtu wa kwanza kunifundisha aliniambia nirushe mikono na kupiga miguu. Nilikunywa maji ya chumvi, nikatoka nakohoa, na sikurudi baharini miaka 2. Aliyenitoa kwenye woga ni mzee mmoja mvuvi pale Raskazoni, ambaye hakunifundisha kwenda popote. Alinishika kisogo, akaniambia nilale juu ya maji nimtazame.

Tangu hapo ndivyo ninavyofundisha. Anayeogopa maji asianze na kuogelea. Aanze na mambo matatu: kutoa pumzi uso ukiwa ndani ya maji, kusimama tena akishalala, na kuelea chali. Aliyetumbukia kutoka kwenye mtumbwi akaweza kulala chali akipumua, amepata muda wa kuonekana na kufikiwa. Aliyefundishwa mitindo ya kuogelea tu, akiishiwa nguvu hana pa kupumzikia.

Sisemi kwamba kuelea kunatosha kwa kila ajali. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ilipopinduka jirani na gati ya Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wapo walionaswa ndani ya chombo, na katika hali hiyo hata muogeleaji hodari asingeweza kujiokoa. Lakini vifo vingi vya maji havitangazwi redioni. Ni mtu mmoja aliyeteleza kwenye jiwe akifua, kijana aliyefuata mpira, mama anayechimba chaza maji yakamzunguka. Hao ndio ninaowaandikia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Mtu wa kukusimamia. Hili halina mbadala. Awe anajua kuogelea, awe amesimama ndani ya maji pamoja nawe, na simu yake iwe imeachwa kwenye mkoba. Rafiki aliyekaa mchangani akikupigia picha si msimamizi. Kwa akina mama wanaotaka kufundishwa na mwanamke mwenzao, ulizeni, wapo. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuelea na kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, kwa hiyo stara isiwe sababu ya kubaki nchi kavu.

Nguo. Taiti na fulana ya mikono mirefu inayobana zinatosha. Kanga, baibui na kanzu ziache kwanza. Zitarudi hatua ya mwisho. Nywele zisuke au zifunge kofia.

Miwani ya kuogelea, ukiweza. Si lazima, ila woga hupungua sana mtu anapoona miguu yake.

Dumu tupu la lita 5 lenye kifuniko kinachokaza, na kamba ya mita 10 hadi 15 iliyofungwa kwenye mpini wake. Hiki ni chombo cha kuokolea. Dumu la lita 5 likifungwa vizuri hubeba karibu kilo 5, na hiyo inakaribia kabisa kinachohitajika kushikilia kichwa cha mtu juu ya maji, kwa sababu mwili wenyewe tayari unabebwa na maji. Ukiwa nalo la lita 20, bora zaidi.

Viatu vya mpira kama ufukwe una mawe au wale viumbe wa miiba myeusi.

Ruhusa ya daktari kama una kifafa, ugonjwa wa moyo, au pumu inayokusumbua. Na pombe hapana, hata bia moja.

Mahali na saa

Bwawa la kuogelea lenye upande wa kina kifupi ni rahisi kuliko vyote. Likikosekana, tafuta ghuba iliyokingwa, yenye mchanga unaoteremka taratibu, pasipo boti zinazopita. Maji ya chumvi yanabeba kidogo zaidi kuliko maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo mwanafunzi wa pwani ana bahati.

Bahari ina ratiba yake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, takriban saa 6 na dakika kadhaa kati ya kujaa na kupwa, na kila siku ratiba husogea mbele kama dakika 50. Ndiyo maana Jumapili iliyopita saa 3 asubuhi maji yalikuwa shwari na Jumapili hii saa hiyohiyo hayapo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupanda na kushuka sana na mkondo huwa mkali. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, na mimi wanafunzi wapya huwaanzisha siku hizo. Ingia saa ya mwisho ya maji kujaa, fanya mazoezi wakati yamesimama, toka yanapoanza kurudi. Usianze kamwe wakati maji yanakupwa kwa kasi: kila kinachoelea kinaelekea nje, nawe ndiye unayejifunza kuelea. Asubuhi kabla upepo haujaamka ni bora, hasa msimu wa kusi.

Walioko maziwani, wasikilizeni wavuvi wa hapohapo kuhusu mamba na kiboko kabla ya kuchagua mahali. Kuna na kichocho, ambacho kwenye Ziwa Victoria ni cha kweli. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia penye matete na majani, pale pale panapoonekana pazuri kwa mwanafunzi. Ukiweza kupata bwawa, lipe nafasi ya kwanza. Ukiwa umeshaingia ziwani, nenda kituo cha afya ueleze. Dawa yake ipo.

Hatua

1. Beseni, nyumbani, siku 3 au 4

Jaza beseni maji ya uvuguvugu, liweke mezani au kwenye kigoda. Vuta pumzi kwa mdomo. Tia uso mpaka masikioni, kisha guna "mmmm" kwa kupitia puani. Mapovu yatatoka. Inua uso kabla pumzi haijaisha, vuta nyingine, rudia. Mara 10 asubuhi, mara 10 jioni.

Ukiguna, hewa inatoka puani, na hewa ikitoka maji hayaingii. Kosa la karibu kila mtu ni kubana pumzi. Aliyebana pumzi huinuka na mapafu yamejaa hewa chafu, anajaribu kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja, anavuta maji. Hapo ndipo woga huzaliwa upya.

Ukimaliza, mwaga maji papo hapo. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye beseni wakati wewe unajifuta uso.

2. Kutembea majini

Ingia mpaka kiunoni, msimamizi akiwa upande wa kina, wewe upande wa nchi kavu. Buruza nyayo mchangani, usikanyage kwa kuinua miguu. Samaki aitwaye taa hulala chini ya mchanga, na akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni huchoma. Tembea sambamba na ufukwe, nenda na urudi. Chuchumaa mpaka mabega yalowe. Kaa hivyo dakika nzima uzoee jinsi maji yanavyokusukuma kifuani. Si kwamba unakosa hewa, ni uzito wa maji tu.

Siku hiyo inaweza kuishia hapo. Mama mmoja niliyemfundisha alitumia Jumapili 3 kwenye hatua hii peke yake, na leo anaelea vizuri kuliko vijana walioipita kwa dakika 5.

3. Mapovu, safari hii baharini

Fanya lile la beseni ukiwa umesimama kiunoni, mikono ikishika mikono ya msimamizi. Kwanza mdomo, kisha pua, kisha kichwa chote. Fumbua macho ukiwa na miwani, hesabu vidole vyake chini ya maji. Mara 10 mfululizo bila kukohoa, umefaulu.

4. Kusimama baada ya kulala

Hatua hii hurukwa na walimu wengi, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Ukimuuliza mtu mzima anaogopa nini hasa, atasema kuzama. Mchunguze zaidi, utakuta anaogopa kitu kimoja mahususi: nikiinua miguu kutoka chini, sitaweza kuirudisha. Na kweli, ambaye hajafundishwa huinua kichwa kwanza, miguu ikabaki nyuma imeelea, akatapatapa kwenye maji ya kiunoni. Watu wamezama kwenye maji ambayo wangeweza kusimama.

Kutoka kifudifudi: shika mikono ya msimamizi, weka uso majini, acha miguu ipande nyuma. Sasa vuta magoti kifuani kama unayetaka kukaa kwenye kigoda. Sukuma maji kwenda chini kwa viganja. Nyayo zikigusa mchanga, ndipo inua kichwa. Mpangilio ni huo: magoti, viganja, nyayo, kichwa.

Kutoka chali: kidevu kifuani, magoti juu, mikono ifagie maji kutoka nyuma kuja mbele. Makalio yatashuka, miguu itajikuta chini.

Rudia kila upande mara 20. Naam, 20. Halafu msimamizi akuache mkono mmoja, kisha yote miwili. Usiende hatua ya 5 mpaka uweze kusimama bila kufikiri, kwa sababu hatua zote zilizobaki zinategemea hii.

5. Kobe

Maji yakiwa ya kifuani, vuta pumzi kubwa, kumbatia magoti, uso majini. Utashuka kidogo, kisha mgongo utapanda na kubaki juu kama gamba la kobe. Hapa tu, kwa sekunde 5 hivi, bana pumzi. Ukiitoa utashuka, na ni vizuri ujaribu yote mawili uone tofauti. Kisha simama kwa njia ya hatua ya 4.

Wenye miili mikubwa wanaoniuliza kama watabebwa hupata jibu hapa. Mafuta huelea. Wanaopata shida ni vijana wembamba wenye misuli.

6. Kuelea chali

Msimamizi anasimama nyuma ya kichwa chako, mkono mmoja chini ya kisogo, mwingine kati ya mabega. Wewe chuchumaa mpaka maji yafike shingoni, kisha egemea nyuma taratibu kama unayelala kitandani. Usijitupe.

Masikio yaingie majini. Watu wengi hukataa hapa, shingo inakakamaa kulinda masikio, na kichwa kikiinuka nyonga inashuka, mwili unakunjika kama kiti. Kubali masikio yalowe. Tazama juu, kidevu kielekee angani, kifua na tumbo vipande. Mikono itanue, viganja juu, magoti yalegee. Miguu ikishuka kidogo iache, haina kazi hapa.

Pumzi ya kuelea si ile ya barabarani. Jaza mapafu, shikilia kidogo, toa kwa haraka, jaza tena. Mapafu yasikae matupu, kwa kuwa ndiyo boya lako. Wimbi dogo likikupita usoni, guna puani na ubaki ulivyo.

Msimamizi apunguze mkono kidogokidogo: kiganja, vidole viwili, kidole kimoja, halafu aseme "nimeachia" kabla hajaachia. Asikudanganye. Mwanafunzi aliyeachiwa kwa hila hapati ujasiri, anapata sababu ya kutomwamini mtu majini.

Lenga sekunde 10, kisha 30, kisha dakika 1. Ukifika dakika 3 peke yako, umeshapata ulichokuja kutafuta.

7. Kugeuka na kusogea

Ukiwa kifudifudi, geuka chali kwa kuzungusha kichwa na bega moja, kama unavyogeuka usingizini. Ukiwa chali, piga miguu polepole, magoti yasitoke nje ya maji, viganja vikisukuma maji kuelekea miguuni karibu na nyonga. Utasafiri kichwa mbele. Sogea mita 5 kuelekea ufukweni, kisha 10. Mwisho jiangushe kutoka wima kwenye maji ya kifuani, potea chini, rudi juu, lala chali. Hilo ndilo linalotokea mtu akitumbukia, ndiyo maana tunalizoea.

8. Na nguo zako za kila siku

Hakuna anayetumbukia akiwa amevaa taiti. Rudia hatua ya 6 na 7 ukiwa na suruali na shati, au dera, au baibui, kwenye maji ya kifuani. Nguo iliyolowa haikuvuti chini kama watu wanavyodhani; uzito wake unausikia unapotoka majini. Kinachosumbua ni kunasa miguu na kufunika uso. Jifunze kuiondoa usoni na shingoni, na kupunguza kupiga miguu.

Mambo ya kuepuka

Usitegemee tyubu ya gari. Zinakodishwa kwenye fukwe nyingi, na upepo wa kutoka nchi kavu huisukuma tyubu nje haraka kuliko mtu anavyoweza kuifuata. Dumu lenye kamba lina mwisho, tyubu haina.

Usishindane kukaa chini ya maji. Anayevuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama anaweza kupoteza fahamu bila dalili yoyote.

Usijifunze kwenye kina kisichokuruhusu kusimama mpaka umalize hatua ya 7, hata kama msimamizi ni hodari.

Mwenzako akizama

Anayezama kweli mara nyingi hapigi kelele. Mdomo unashuka na kupanda, mikono inabonyeza maji pembeni, macho hayakuoni. Mrushie dumu, shika kamba, vuta. Au mnyooshee mti, kasia, kanga iliyosokotwa. Piga kelele watu waje. Usimwendee mikono mitupu: atakukwea, na mtakuwa wawili.

Akitolewa na hapumui, asibebwe kichwa chini wala kukamuliwa tumbo. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni pumzi 5 kifua kikiinuka. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, pumzi 2, tena 30, bila kuacha mpaka apumue au wataalamu wafike. Aliyekunywa maji na kuzinduka aende hospitali siku hiyohiyo, hata akisema yuko sawa.

Ukikwama

*Maji yananiingia puani nikiwa chali.* Kidevu kimepanda mno au umenyamaza. Shusha kidevu kidogo, guna wimbi linapopita.

*Miguu inazama na kunivuta.* Peleka mikono juu ya kichwa, ndani ya maji, na kunja magoti. Mzani utarudi. Isipotosha, piga miguu kidogo sana. Wapo watu ambao miili yao hailali bapa, wanaelea wakiwa wamesimama mshazari, na wanapumua vilevile.

*Moyo unadunda, pumzi inakuwa fupi.* Simama. Toa pumzi kwa hesabu ya 6, vuta kwa hesabu ya 3, mara 5. Kisha rudi hatua moja nyuma, umalize siku kwa kitu unachokiweza. Usitoke majini ukiwa kwenye kilele cha woga kama una namna ya kusubiri ushuke.

*Msuli wa mguu umekaza.* Lala chali, shika vidole vya mguu, vivute kuelekea kwako.

*Naona ufukwe unakwenda mbali.* Mkondo umekuchukua. Usishindane nao. Lala chali, inua mkono mmoja, ita. Ukiwa na nguvu, piga miguu sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi.

*Sikio limeziba.* Liinamishe chini, ruka kwa mguu wa upande huo. Pamba na kijiti visiingie. Likiuma kesho yake, nenda ukaonwe.

*Niliacha miezi 4, nianzie wapi?* Hatua ya 3. Ukitoa mapovu mara 10 bila kukohoa, nenda ya 4 siku hiyohiyo, uisimamie mara 20 kila upande kama mara ya kwanza.